Usilisingizie Jicho la Deki

Deki ya CD iliyokaa sebuleni miaka ishirini ikianza kutoa sauti mbovu, hukumu huwa imeshapitishwa kabla kifuniko hakijafunguliwa: jicho limekufa. Mwenye deki anasema hivyo, jirani anaunga mkono, na fundi, ambaye hulipwa kwa kubadilisha kitu na si kwa kufikiri, haoni kwa nini abishe. Lenzi mpya inanunuliwa, inafungwa, hela inatoka, na mara nyingi sauti inabaki ileile ya puani. Kosa linaanzia mbali zaidi ya meza ya fundi. Malalamiko mawili yasiyohusiana yamefungwa mzigo mmoja. Kuna sauti inayokatika na kuna sauti iliyochakaa. Inayokatika huruka, hurudiarudia silabi moja, hunyamaza ghafla katikati ya ubeti. Iliyochakaa haikatiki hata kidogo: wimbo unakwenda mwanzo hadi mwisho, ila ni mzito, umefifia, unavuma, unakwaruza, au umehamia spika moja. Kwa kosa la kwanza jicho la deki linaweza kushtakiwa. Kwa la pili, karibu kila mara, halina hatia, na ushahidi wa kulitetea umo katika namna CD yenyewe inavyofanya kazi.

Mfumo huu ulibuniwa na kampuni mbili, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani. Kanuni zake ziliwekwa mwaka 1980, na deki ya kwanza kuuzwa, Sony CDP-101, iliingia madukani Japani Oktoba 1982. Kinachohifadhiwa kwenye diski si mawimbi ya sauti kama kwenye kaseti au santuri, ni namba. Kila sekunde ya wimbo hupimwa mara 44,100 kwa upande wa kushoto na mara 44,100 kwa upande wa kulia, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja. Namba hizo hugeuzwa kuwa vishimo kwenye mstari mmoja tu, unaoanzia karibu na tundu la katikati na kuzunguka hadi ukingoni. Mstari huo ukinyooshwa, kwa diski iliyojaa, unazidi kilomita 5. Mzunguko mmoja na unaofuata imeachana kwa mikromita 1.6, kiasi kwamba unywele ukilala juu ya diski hufunika mizunguko zaidi ya 30. Leza yenye mwanga wa nanomita 780, mwanga ambao macho yetu karibu hayauoni, humulika kutoka chini, hupenya plastiki yenye unene wa kama milimita 1.2 hadi kwenye utando wa alumini uliolala chini ya maandishi ya jina, kisha hurudi. Mabadiliko ya nguvu ya mwanga unaorudi ndiyo yanayosomwa kama sifuri na moja. Jicho halijui besi wala zumari. Linaona mwanga ukibadilika, basi.

Wabunifu walijua kwamba diski itashikwa na vidole vyenye mafuta, itaanguka sakafuni, itakwaruzwa. Kwa hiyo hawakuziandika namba kwa mfuatano wa wimbo. Walizitawanya na kuzichanganya, kisha wakaongeza namba za ziada za kuhakiki, kama mkulima anayeweka kila aina ya mbegu katika maghala yote: ghala moja likiungua kila aina inapungua, lakini hakuna inayokwisha. Mstari hupita mbele ya jicho kwa mwendo wa mita 1.2 hadi 1.4 kwa sekunde, na pengo la takriban milimita 2.5, yaani sehemu mbili hivi za elfu ya sekunde, linaweza kujazwa kikamilifu. Hapo namba zinarudi zilevile zilizorekodiwa studio, bila upungufu wowote. Pengo likizidi hapo, mashine hukisia: huchukua namba ya kabla na ya baada, ikaweka ya katikati. Kukisia huko huvumilia pengo la kama mara tatu ya lile la kwanza. Likizidi tena, deki huamua kunyamaza, au jicho hupoteza njia na kurukia mzunguko mwingine. Ngazi ni hizo tatu tu: kurekebisha, kukisia, kunyamaza.

Msomaji atazame kilichokosekana katika ngazi hizo. Hakuna mahali ambapo jicho chafu husoma wimbo wote kwa utulivu huku likipunguza sauti za juu au kuufanya mwimbaji asikike kama yuko chini ya blanketi. Dhana hiyo tuliirithi kutoka kwenye kaseti. Hedi ya redio kaseti ikishika uchafu, utepe haugusani nayo sawasawa, na zinazopotea kwanza ni sauti nyembamba za juu, kwa sababu mawimbi yake kwenye utepe ni mafupi mno. Mkanda wa mpira ukilegea, wimbo unayumba kama mlevi. Kizazi kizima kilijifunza, na kilijifunza vizuri, kwamba sauti iliyofifia ina maana ya kusafisha hedi. Deki ya CD ilipokuja na kijicho chake kinachong'aa, tulilitwika jicho kazi ya hedi na dhambi zake pia. Lakini hedi ilikuwa inasoma sauti yenyewe. Jicho linasoma namba, na namba ikisomwa na jicho zee haina tofauti na ikisomwa na jicho jipya, mradi imesomeka.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye lile lalamiko la kawaida kuliko yote, la upande mmoja kufa. Deki inacheza, spika ya kulia inaimba, ya kushoto kimya au inanong'ona. Hapa lenzi haiwezi kuhusika hata kwa bahati mbaya. Namba za kulia na za kushoto zimeandikwa kwenye mstari uleule, zimechanganywa pamoja, zinasomwa na mwanga uleule kwa wakati uleule. Jicho lisilosoma kushoto lisingesoma kulia. Vivyo hivyo kwa wimbo unaoyumba. Mwendo wa kuzunguka kwa diski, ambao hushuka kutoka kama mizunguko 500 kwa dakika mwanzoni hadi kama 200 ukingoni, hauamui kasi ya muziki. Namba zikishasomwa hupangwa foleni kwenye kumbukumbu ndogo, na hutolewa humo kwa mapigo ya kioo cha kwatzi, kitu kilekile kinachoendesha saa ya mkononi. Mota ikichoka wimbo utakatika; hautayumba. Ukisikia tarumbeta inapanda na kushuka, kuyumba huko kulikuwapo kwenye utepe wa studio kabla CD haijatengenezwa.

Kwa mivumo na mikwaruzo ya kudumu kuna jaribio lisilohitaji chombo chochote. Wimbo ukiwa unacheza, bonyeza kitufe cha kusimamisha kwa muda, kile chenye vijiti viwili, bila kugusa sauti ya amplifaya. Kwa wakati huo hakuna namba ya muziki inayotoka kwenye diski. Kama mvumo unaendelea palepale, basi hautoki kwenye diski wala kwenye jicho. Mvumo mzito wenye kukereta kidogo, wa karibu hezi 100, ni dalili maarufu ya kapasita za sehemu ya umeme zilizokauka: umeme wetu wa ukutani hupigapiga mara 50 kwa sekunde, ukigeuzwa hupiga mara 100, na kapasita ndizo zilizotakiwa kuyalaza mapigo hayo. Mvumo mwororo zaidi, unaobadilika ukigusa waya, kwa kawaida ni waya wenyewe au pini isiyokaa vizuri.

Kutoka hapo kanuni ni ya kurudi nyuma: anza kwenye spika, malizia kwenye deki. Tuseme spika ya kushoto ndiyo iliyofifia. Zima amplifaya, kisha nyuma yake, pale waya wa deki unapoingia, chomoa pini nyekundu na nyeupe uzibadilishe nafasi, nyekundu kwenye tundu jeupe na nyeupe kwenye tundu jekundu. Washa tena. Kama udhaifu umehamia spika ya kulia, basi unatoka kwenye waya au deki. Kama umebaki palepale kushoto, deki haina kosa. Tafuta kwenye amplifaya au spika. Ukiwa umehama, rudia mchezo uleule upande wa deki: rudisha pini za amplifaya mahali pake, badilisha zile za nyuma ya deki, na utajua kama ni waya au mashine. Dakika tano, bila bisibisi, na nusu ya washukiwa wameachiwa huru. Deki yenye tundu la hedifoni hurahisisha zaidi. Sauti ikiwa safi kwenye hedifoni na mbovu kwenye spika, kuna uwezekano mkubwa kwamba kosa liko nje ya sanduku. Inashangaza jinsi hatua hii inavyorukwa hata na watu wenye vipimo mezani.

Washukiwa wa kweli wa sauti iliyochakaa ni vitu vya kawaida visivyo na hadhi. Mombasa, Unguja, Tanga, popote penye hewa ya chumvi, kinachoanza kufa ni matundu na pini za nyuma. Chuma hushika utando wa kutu usioonekana, umeme mdogo wa muziki hupita kwa shida, na sauti inakuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, ikipona ukitikisa waya na kuugua tena usiku. Kuchomoa na kuchomeka pini mara kumi, ukizizungusha, hutibu sehemu kubwa ya wagonjwa wa aina hii. Ndani ya deki za zamani za bei ya juu kuna rilei ndogo inayozuia mlio wa "pwa" mashine inapowashwa. Midomo yake ikichakaa, upande mmoja hufifia na kukwaruza, kisha hurudi ghafla ukiongeza sauti au ukigonga kifuniko. Deki za kawaida hutumia transista kwa kazi hiyo, nazo zikivuja hula sauti polepole. Kisha kuna kapasita zinazopitisha sauti kuelekea nje: zikikauka, besi ndiyo hupungua. Kwenye spika, ule ukingo wa sponji unaoshika koni huoza kwa joto na unyevu, ukabaki unga, na spika ikaanza kukoroma kwenye besi. Hapo hata lenzi ya dhahabu isingesaidia. Na tusisahau mende. Wanapenda uvuguvugu wa transfoma, na uchafu wao ukigusana na unyevu hupitisha umeme pasipostahili.

Kuna mshukiwa mwingine ambaye hutajwa kwa nadra, naye ni diski yenyewe. Miaka ya 2000 mitaa yetu ilijaa CD zilizochomwa kwenye kompyuta, nyimbo mia na zaidi kwenye diski moja. Hesabu yake ni rahisi. CD ya kawaida hutumia kilobiti 1,411 kwa kila sekunde ya muziki, ndiyo maana inabeba dakika 74 hadi 80 tu. Ukitaka nyimbo 150 za dakika tano kwenye diski ya megabaiti 700, kila sekunde inabaki na kama kilobiti 130, chini ya sehemu moja ya kumi. Kinachotupwa kwanza ni sauti za juu kabisa, na wachomaji wengi walibana zaidi ya hapo, kisha wakanakili kutoka nakala ya nakala. Deki inayocheza diski hiyo kwa sauti iliyofifia inafanya kazi yake kwa uaminifu. Hali ni hiyohiyo, kwa sababu ya heshima zaidi, kwenye rekodi za zamani zilizohamishiwa CD. Anayesikiliza juzuu la pili la mfululizo wa Zanzibara uliotolewa na Buda Musique ya Ufaransa, lenye taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, anasikia mipaka ya studio za wakati ule. Hakuna fundi wa kuitengeneza. Hali ya kinyume ipo pia: baadhi ya CD za miaka ya mwanzo ya 1980 zilirekodiwa kwa kuzidishwa sauti za juu makusudi, na deki ilitakiwa kuzipunguza yenyewe ikiona alama maalumu kwenye diski. Sehemu hiyo ya deki ikiharibika, CD chache hutoka kali na zenye miiba huku nyingine zote ziko sawa. Ndiyo maana jaribio la maana lazima lifanywe kwa diski mbili au tatu za kiwandani zinazofahamika, na si kwa ile moja iliyozua malalamiko. Bila kumvunjia mtu heshima, masikio nayo huzeeka, na yanapoteza sauti za juu kwanza. Mwenye deki akimwita kijana wa nyumbani asikilize, anaweza kuokoa nauli ya kwenda kwa fundi.

Wapo watakaobisha kwamba nimeirahisisha mno ile ngazi ya pili. Namba iliyokisiwa si namba ya kweli, watasema, na deki inayokisia sana lazima sauti yake ikwaruze au kufifia kidogo kabla ya kukatika. Pingamizi hili lina haki yake. Kukisia kukiwa kwingi, sikio makini husikia vichecheto na ukavu kwenye sauti za juu. Lakini ili kukisia kuwe kwa mfululizo, wimbo mzima, diski baada ya diski, makosa lazima yawe mengi kupita kiasi kila sekunde, na jicho linalokosa kiasi hicho kwa kawaida huwa limeshashindwa pia kushika njia yake. Litaruka kabla halijapata nafasi ya kuwa zito. Kwa hiyo ukavu wa aina hiyo, ukiupata, utakuja na mikatiko, na hapo jicho linaingia kwenye orodha kwa haki. Wengine wanasema mapigo ya kioo cha kwatzi huchakaa, au kwamba deki hunufaika na waya wa bei ya ng'ombe, au na kalamu ya kijani inayopakwa ukingoni mwa diski, mtindo uliovuma Ulaya na Marekani karibu na mwaka 1990. Kioo hicho kikichoka, mara nyingi deki hukataa kufanya kazi, sauti haiwi nzito. Kuhusu kalamu ya kijani, inatosha kusema kwamba namba zilizosomeka sawasawa hazina rangi.

Pingamizi gumu zaidi ni la yule aliyebadilisha lenzi na sauti ikapona kweli. Wako wengi, na hawasemi uongo. Ila fundi hawezi kubadilisha lenzi bila kufungua sanduku, kupuliza vumbi, kuchomoa ule waya bapa na kuuchomeka upya, kufuta na kupaka girisi reli, na mwishoni kuchomoa na kuchomeka pini zote za nyuma. Kati ya hizo, tatu au nne ni dawa halisi za magonjwa niliyoyataja, nazo ni za bure. Sifa yote huenda kwa kile kilicholipiwa. Anayetaka kujua ukweli amwombe fundi afanye hayo mengine yote kwanza, kisha awashe deki na lenzi ya zamani ikiwa mahali pake.

Siku ambayo jicho lina makosa kweli, halijifichi. Deki huzungusha diski, husita, huandika kwamba hakuna diski. Au husoma CD za kiwandani lakini hukataa zilizochomwa, kwa sababu diski ya kuchoma ina rangi ya kemikali badala ya vishimo halisi na kwa kawaida hurudisha mwanga hafifu kidogo. Zile za kufutika na kuandikwa upya, zilizoingia sokoni mwaka 1997, hurudisha mwanga mdogo mno kiasi kwamba deki nyingi za kabla ya hapo haziziwezi hata zikiwa mpya. Kinachofuata ni kuangalia mahali pa mkatiko. Ukitokea kwenye sekunde ileile ya wimbo uleule kila mara, mgonjwa ni diski. Ukihamahama, ni mashine. Nyimbo za mwanzo zikikwama na za mwisho zikaenda, shuku mota ya kuzungusha, maana mwanzoni ndipo inapotakiwa kukimbia zaidi. Za mwanzo zikienda na za mwisho zikakwama, shuku girisi iliyogeuka gundi kwenye reli linayotembelea jicho, au diski iliyopinda, kwa kuwa ukingo ndio unaopanda na kushuka zaidi. Diski iliyokwaruzwa kwa mkunjo wa duara, kufuata mstari, ni mbaya kuliko iliyokatwa kutoka katikati kwenda nje: mkwaruzo wa pili hugusa kila mzunguko kidogo tu, nao hurekebishika, wakati wa kwanza hufuta milimita nyingi za mstari mmoja. Ndiyo sababu diski hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Na mkwaruzo wa upande wa maandishi huua zaidi ya ule wa upande unaong'aa, kwa sababu alumini iko pale juu, chini ya utando mwembamba wa rangi. Dawa ya meno, ambayo watu huipaka kulainisha mikwaruzo ya plastiki, haina la kufanya huko.

Kulisafisha jicho ni kazi ya dakika chache, nayo huharibiwa na nguvu. Deki izimwe na ichomolewe ukutani kwanza, maana leza hiyo haionekani lakini inaweza kudhuru jicho la mtu. Lenzi imening'inia kwenye vipini vyembamba ili iweze kupanda na kushuka ikifuata diski; kijiti cha pamba chenye unyevu kidogo wa alkoholi safi kiiguse kama kinagusa kope, kifute mara moja au mbili, kisha kiachwe. Petroli, thina na asetoni hazifai, kwa sababu lenzi nyingi ni za plastiki na zitapata ukungu usiotoka tena. Baada ya hapo, ukimwona fundi anatafuta skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa jicho na kuizungusha, muulize anafanya nini. Kile ni kirekebisho cha nguvu ya leza. Kukiongeza hufufua jicho lililochoka kwa wiki au miezi, deki ikasoma kila kitu kwa furaha, kisha leza hufa moja kwa moja kwa sababu imelazimishwa kutumia umeme kuliko ilivyopangiwa. Kama kweli ni lazima kubadilisha, jina la jicho huwa limeandikwa ubavuni mwake. KSS-213 ya Sony na SF-P101N ya Sanyo zilifungwa kwenye deki na redio za kampuni nyingi sana, kwa hiyo huwa si vigumu kuzipata. Jicho jipya la aina hizo kwa kawaida huja likiwa na kitone cha risasi kilichounganisha nukta mbili kwenye sahani yake, ili umeme tuli wa vidoleni usiiunguze leza njiani. Kitone hicho huondolewa kwa chuma cha kulehemu baada ya waya bapa kuchomekwa. Asiyejua atalifunga jicho zima kabisa, deki itasema hakuna diski, na lenzi ya pili itanunuliwa bure.

Yote hayo, atasema mtu, kwa mashine ambayo simu imeshaizika? Simu ina nyimbo nyingi, ndiyo, lakini haina kaswida ya madrasa iliyorekodiwa na kuchomwa nakala ishirini, wala harusi ya mwaka 2004, wala taarabu ambazo hakuna aliyewahi kuzipandisha kwenye intaneti. Rangi ya kemikali ya diski hizo hufifia kwa jua na joto, na kuna siku hakuna jicho, jipya wala zee, litakaloweza kuzisoma. Deki inayosoma lakini inatoa sauti mbovu bado ina thamani kamili kwa kazi hiyo, kwa sababu nusu yake iliyo ngumu kutengeneza ndiyo iliyo nzima. Deki nyingi za DVD, ambazo hucheza CD pia, zina tundu la ziada nyuma lenye maandishi ya COAXIAL au OPTICAL. Hapo namba hutoka zikiwa bado namba, kabla hazijapita kwenye kapasita, rilei na transista zilizozeeka. Kisanduku kidogo cha kuzigeuza kuwa sauti, kilichounganishwa kati ya tundu hilo na amplifaya, huiruka sehemu yote iliyochakaa. Kama tundu halipo, fundi aombwe aanzie kwenye sahani ya kutolea sauti, kwenye kapasita nne au tano zilizo karibu na matundu mekundu na meupe, zile ambazo vichwa vyake vimevimba au miguu yake imezungukwa na doa la kahawia.